Leonhard Euler

Leonhard Euler (Basel, Uswisi, 15 Aprili 1707 – Saint Petersburg, Urusi, 18 Septemba 1783) alikuwa mwanahisabati na mwanafizikia aliyeweka msingi wa nadharia ya grafu, ambayo ndiyo hisabati ya mitandao.

Maisha

Baba yake, Paul Euler, alikuwa mchungaji, naye alitaka mwanawe afuate kazi hiyo. Mwalimu wake Johann Bernoulli alitambua kipaji cha kijana huyo, na hatimaye baba akakubali asome hisabati. Mwaka 1727 Euler alihamia Saint Petersburg kufanya kazi katika Akademia ya Sayansi. Mwaka 1734 alimwoa Katharina Gsell. Walizaa watoto 13, lakini 5 tu walivuka utoto.

Kuanzia mwaka 1738 jicho lake la kulia lilidhoofika sana. Alifanya kazi Berlin kuanzia 1741 hadi 1766, kisha akarudi Urusi. Huko mtoto wa jicho alishika jicho la kushoto, na baada ya upasuaji wa 1771 alibaki karibu kipofu kabisa. Hata hivyo hakuacha kazi: alikokotoa kichwani na kuwatamkia wasaidizi, nao wakaandika. Maandishi yake yote yanazidi 800.

Madaraja ya Königsberg

Mji wa Königsberg (leo Kaliningrad, Urusi) uligawanywa na mto Pregel katika sehemu 4 za nchi kavu, zilizounganishwa kwa madaraja 7. Swali lilikuwa: je, mtu anaweza kutembea akavuka kila daraja mara moja tu? Mwaka 1735 Euler alithibitisha kwamba haiwezekani. Kila mara mtu anapopita mahali hutumia madaraja mawili, moja la kuingilia na moja la kutokea. Kwa hiyo mahali penye idadi witiri ya madaraja lazima pawe mwanzo au mwisho wa safari. Königsberg palikuwa na sehemu 4 za namna hiyo: moja yenye madaraja 5, na tatu zenye madaraja 3 kila moja.

Urithi

Kutokana na hoja hiyo, mtandao wowote huweza kuchorwa kwa nukta na mistari. Siku hizi wataalamu huchunguza pia mitandao yenye tabaka nyingi. Kwa mfano, mji mmoja huwa nukta katika tabaka la barabara, la reli na la ndege kwa pamoja, na hitilafu katika tabaka moja huweza kulemea mengine.