Livingstone na Ndege Atembeaye juu ya Majani

Kusini ya Ujiji, Mto Malagarasi huingia katika Ziwa Tanganyika. Ukienda kwenye mabwawa ya mto huo utamwona ndege wa rangi ya hudhurungi atembeaye kana kwamba anakanyaga maji yenyewe. Tazama miguu yake. Vidole ni virefu mno, navyo hutanda juu ya jani la yungiyungi, hivyo uzito wake hugawanyika na jani halizami. Jaribu wewe: kanyaga matope laini kwa kisigino, kisha weka ubao mpana, usimame juu yake.

Miguu hiyo ilielezwa zamani na Daktari David Livingstone, aliyezaliwa Uskoti mwaka 1813. Tangu umri wa miaka 10 alifanya kazi katika kiwanda cha nyuzi za pamba, akisoma huku mashine zikizunguka. Alifika Afrika mwaka 1841, akiwa daktari na mmisionari. Huko Zambezi alimwona ndege huyo juu ya jani lenye upana wa sentimita 13 hivi. Vidole vililifunika jani lote.

Mwaka 1869 alifika Ujiji akiwa mgonjwa sana, akakuta mali yake nyingi imeibwa. Alivuka ziwa mpaka Manyema. Karatasi na wino vikamwishia, akaandika juu ya magazeti ya zamani kwa rangi ya mimea. Hivyo ndivyo alivyoandika, mwaka 1871, jinsi wafanyabiashara ya watumwa walivyowaua watu katika soko la Nyangwe.

Alirudi Ujiji bila kitu, na huko Stanley akamkuta. Wakati huo baadhi ya wataalamu wa Ulaya walidhani kwamba Mto Rusizi huyatoa maji ya ziwa kuyapeleka Naili. Wawili hao walikwenda kwa mtumbwi hadi kaskazini, wakatazama: Rusizi unaingia ziwani! Lakini Livingstone aliendelea kudhani kwamba Lualaba ni mwanzo wa Naili, kumbe maji yake ni ya Mto Kongo.

Alifariki mwaka 1873, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao waliikausha maiti yake juani, wakaibeba kwa miguu kwa miezi mingi. Mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo, na madaftari yake ya mwisho walikuwa nayo.