Larrey: Tabibu wa vita aliyezisoma dalili za baridi kali

WAKATI majeruhi walipokuwa wakiachwa vitani hadi mapigano yatulie, Dominique Jean Larrey alikataa. Mpasuaji huyo Mfaransa, aliyezaliwa mwaka wa 1766 katika milima ya Pyrenees, alibuni mnamo 1792 magari mepesi ya farasi ya kuwabeba mapema.

Hata hivyo, adui aliyemsumbua zaidi hakuwa na bunduki. Mwaka wa 1812, jeshi la Napoleon likirejea kutoka Moscow, Larrey alitundika kipimajoto kwenye koti lake na kuwachunguza askari njiani. Aliyezidiwa na baridi aliishiwa nguvu, akayumba kama mlevi, ulimi ukawa mzito, kisha usingizi ukamlemea. Aliyeketi apumzike, mara nyingi hakuinuka tena.

Alibaini pia kwamba waliokimbilia moto wakiwa na viungo vilivyoganda ndio waliooza vidole na miguu. Akawakanya, akahimiza wasuguliwe kwa theluji. Hapo alikosea: leo madaktari hukataza kusugua, na hutumia maji ya vuguvugu, mradi kiungo kisigande upya. Lakini onyo kuhusu moto lingali sahihi, kwani ngozi iliyokufa ganzi haihisi ikiungua.

Katika mto Berezina, askari waliokuwa wakikanyagana darajani walimtambua, wakampitisha mikononi mwao hadi ng'ambo. Hivyo mwokozi akaokolewa na aliowatibu, akaishi hadi 1842.