Mtumwa Aliyefanywa Mtumishi: Maisha ya Askofu Samuel Ajayi Crowther



Taarifa ya mwaka huhesabu fedha zilizoingia na zilizotoka, wagonjwa waliotazamwa, wafu waliozikwa kwa heshima, na watoto waliolipiwa karo. Hesabu hizo ni wajibu wetu, na mwanachama ana haki ya kuzisoma. Lakini nyuma ya kila tarakimu yuko mtu aliyeamka usiku, aliyetembea njia ndefu, aliyeacha shughuli yake ili kushughulikia ya mwenziwe. Chama hakina mikono ila mikono ya watu wake. Kwa hiyo imefaa kuweka katika kurasa hizi maisha ya Mwafrika mmoja aliyefariki zamani, ambaye jina lake lajulikana sana katika Afrika ya Magharibi, ili tupate kujiuliza: ni mtu wa namna gani ambaye Mungu aweza kumtumia kwa faida ya wengine?

Ajayi alizaliwa yapata mwaka 1809 katika mji wa Osogun, nchi ya Wayoruba, ambayo leo ni sehemu ya Nigeria. Siku zile nchi hiyo ilikuwa imeharibika kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mateka wa vita waliuzwa pwani kwa wafanya biashara ya watumwa. Mapema mwaka 1821 mji wa Osogun ulivamiwa asubuhi. Ajayi, mvulana wa miaka kumi na miwili hivi, alikamatwa pamoja na mama yake na dada zake, wakafungwa kamba shingoni. Baada ya muda mfupi walitenganishwa.

Tangu siku hiyo akawa bidhaa. Alibadilishwa kwa farasi; mwenye farasi asiporidhika, mtoto akarudishwa. Akauzwa tena na tena, kutoka mkono huu hata mkono ule, kila mara akikaribia bahari, na moyo wake ukavunjika hata akatamani kufa. Hatimaye akafika Lagos, akauzwa kwa Wareno, akatiwa merikebuni pamoja na watumwa wengine 187 kwa jumla. Mwezi Aprili 1822, merikebu hiyo ilipokuwa imeanza tu safari yake, ilikamatwa na manowari za Kiingereza zilizokuwa zikizuia biashara ya watumwa. Ajayi alichukuliwa katika manowari iitwayo Myrmidon, ambayo nahodha wake alikuwa Henry Leeke, akashushwa Freetown, katika Sierra Leone, mwezi Juni mwaka ule ule.

Wasomaji wetu wa pwani hawatashangaa kwa habari hizi. Mwaka 1875 misheni ya CMS iliweka makao ya Frere Town, upande wa bara karibu na kisiwa cha Mombasa, na manowari zikashusha pale watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Mambo ya Freetown na ya Frere Town ni ndugu: watu wasio na ukoo karibu, waliotoka makabila mbalimbali, walioanza maisha upya wakiwa mikono mitupu. Na kutoka kila upande Mungu alijipatia watumishi.

Ajayi alipelekwa shuleni katika kijiji cha Bathurst. Katika miezi sita hivi aliweza kusoma Agano Jipya, akafanywa msaidizi wa mwalimu kwa mshahara wa peni saba na nusu kwa mwezi. Akafundishwa pia useremala. Ni vema tulione jambo hili, kwa maana vijana wengi hutaka kufika juu bila kupita chini. Huyu aliyekuja kuwa askofu alishika randa na msumeno kabla ya kushika fimbo ya uchungaji, na peni zake saba na nusu hazikumwonea haya. Tarehe 11 Desemba 1825 alibatizwa, akaitwa Samuel Crowther, jina la kasisi mmoja wa London; lakini jina la Ajayi alilopewa na wazazi wake hakulitupa. Mwaka 1827 alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa Chuo cha Fourah Bay. Akamwoa Susan, ambaye naye alikuwa ameokolewa utumwani, wakafundisha shule pamoja.

Yawezekana angalikaa hapo maisha yake yote, mwalimu mwenye heshima, mwenye nyumba na watoto, naye asingalilaumiwa. Lakini mwaka 1841 serikali ya Uingereza ilituma merikebu tatu kupanda mto Niger, na Crowther akaombwa afuatane nazo. Safari ile ikawa ya msiba. Homa iliwashika Wazungu karibu wote, na zaidi ya 40 kati yao wakafa. Watu wengi walisema kwamba bara la Niger limefungwa. Crowther alitoka na wazo jingine: kwamba kazi ile yafaa ifanywe na Waafrika wenyewe, hasa wale waliookolewa, wajuao lugha za nchi zao. Wazo hilo lilimrudia yeye mwenyewe. Maana kama Mwafrika aliyeokolewa ndiye apaswaye kurudi, basi yeye alipaswa kurudi katika nchi ile ile ambayo watu wake walimkamata na kumuuza.

Akaenda Uingereza kusoma, akawekewa mikono kuwa kasisi mwaka 1843, kisha akafika Abeokuta, kati ya Wayoruba wenzake, mwaka 1846. Hakwenda kudai fidia wala kuulizia ni nani aliyechoma nyumba ya baba yake. Alikwenda kufundisha. Na mwezi Agosti mwaka ule lilitukia jambo ambalo hakulitazamia: mama yake, ambaye hawakuonana tangu walipotenganishwa miaka 25 iliyopita, alisikia habari zake, akamjia. Mama na mwana walitazamana, hawakuweza kusema neno kwa kitambo. Bibi huyo alikuwa ameuzwa na kukombolewa, na kuingia tena katika utumwa, huku mwanawe akisomea ng'ambo ya bahari. Mwezi Februari 1848 alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kubatizwa Abeokuta, akapewa jina la Hana, ambaye katika Maandiko ni mama yake Samweli.

Kazi kubwa ya Crowther katika miaka hiyo ilikuwa lugha. Hakuridhika na Kiyoruba cha utoto wake. Alikaa na wazee, akasikiliza methali, misemo na maneno ya ibada za asili, akayaandika, ili tafsiri ya Biblia isiwe maneno ya kigeni yaliyovishwa nguo ya Kiyoruba. Alitoa kitabu cha sarufi na maneno, na Biblia nzima ya Kiyoruba ikakamilika katika miaka ya 1880. Mtu huyu msomi hakuona aibu kuwa mwanafunzi wa mzee asiyejua kusoma. Na alipokutana na Waislamu katika nchi za juu za mto Niger, alijifunza kuzungumza nao kwa adabu na bila ubishi, hata baadhi ya watawala wao wakampokea kama mgeni wa heshima.

Mwaka 1854 alipanda tena mto Niger na mto Benue, katika merikebu ya Pleiad. Safari hii Daktari Baikie aliwanywesha watu wake kwinini kila siku, na hakufa Mzungu hata mmoja. Tangu mwaka 1857 misheni ya Niger ilianzishwa Onitsha na mahali pengine, na watenda kazi wake wote walikuwa Waafrika.

Ndipo Bwana Henry Venn, katibu wa CMS huko London, alipotaka Crowther afanywe askofu. Crowther alikataa kwanza, akijiona hastahili, na wamisionari wengine wa Kizungu hawakupenda kuwa chini ya askofu Mwafrika. Venn alimsihi hata akakubali. Tarehe 29 Juni 1864, katika kanisa kuu la Canterbury, aliwekewa mikono, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu katika Kanisa la Anglikana. Kati ya umati uliojaa kanisani walikuwapo watu wawili: Henry Leeke, nahodha wa manowari iliyomwokoa, ambaye sasa alikuwa mzee mwenye cheo cha Admirali, na Bibi Weeks, aliyemfundisha herufi za kwanza alipokuwa mtoto Sierra Leone. Basi tusidharau kazi ndogo. Yule bibi alifundisha herufi tu, wala hakujua anamfundisha nani.

Uaskofu haukumletea raha. Mwaka 1867, akiwa karibu na miaka 60, alikamatwa katika mto Niger pamoja na mwanawe Dandeson na mtawala mmoja aliyetaka fedha za ukombozi. Kwa mara ya pili katika maisha yake akawa mateka. Aliponea, lakini Mwingereza aliyekuja kumtoa alipigwa mshale akafa, na huzuni hiyo Crowther aliibeba. Hata hivyo hakuomba apewe kazi mahali palipo salama zaidi.

Yafaa tuseme pia yaliyo magumu, kwa kuwa maisha ya mtu yakisimuliwa sifa tupu hayamfundishi msomaji. Eneo la Crowther lilikuwa kubwa mno, naye makao yake yalikuwa Lagos, mbali na vituo vingi. Alikuwa mpole kwa watu wake, pengine kupita kiasi, na kati ya wasaidizi wake walikuwako waliokosa kweli kweli. Lakini Venn alikuwa amekwisha kufa mwaka 1873, na wakaja wamisionari vijana wa Kizungu wasiokuwa na subira wala heshima kwa mvi. Walihukumu wengi kwa makosa ya wachache, wakawafukuza wasaidizi. Mwezi Agosti 1890, katika mkutano wa kamati huko Onitsha, mzee huyu mwenye miaka 80 hivi alivunjiwa heshima mbele ya watu na vijana waliokuwa wadogo sana kwake kwa umri. Akajiuzulu katika kamati ile.

Hapo ndipo mizani ya maisha yake ilipo. Aliacha kiti cha kamati, wala hakuacha watu. Hakulilaani Kanisa lililomlea, wala hakujifungia nyumbani kuhesabu mabaya aliyotendewa, ingawa yalikuwa mabaya ya kweli. Miezi iliyobaki aliitumia kusaidia makanisa ya Bonny na nchi nyingine za mdomo wa Niger yajitegemee kwa sadaka zao wenyewe. Alifariki Lagos tarehe 31 Desemba 1891. Mwaka uliofuata makanisa hayo yalisimama kwa fedha zao, chini ya uongozi wa mwanawe, Arkidikoni Dandeson Crowther.

Mahali pake aliwekwa askofu Mzungu, na kwa zaidi ya miaka 50 hapakuwa na Mwafrika aliyepewa dayosisi yake mwenyewe huko. Kwetu Kenya, mwaka 1885 William Jones na Ishmael Semler, watu waliotoka katika utumwa, walifanywa mashemasi na Askofu Hannington. Lakini ilikuwa mpaka mwaka 1955 ndipo Festo Olang' na Obadiah Kariuki walipowekewa mikono kuwa maaskofu huko Namirembe, Uganda. Ilipita miaka 91 tangu siku ile ya Canterbury. Mbegu ilikaa ardhini muda mrefu, lakini haikuoza.

Wazee wangu na wanachama wenzangu, katika vyama vyetu twajua jinsi mambo yaendavyo. Mtu huchaguliwa mweka hazina au katibu, akatumika vizuri miaka mitatu. Kisha mkutano humchagua mwingine, au humuuliza swali kwa ukali, naye huondoka na michango yake, na ndugu zake pia. Tangu siku hiyo hamtazami mgonjwa wala hafiki mazishini. Je, alikuwa akimtumikia nani? Kama alitumikia wagonjwa na wafiwa, hao wangali wapo. Kama alitumikia kiti, basi kiti kimepata mtu mwingine na kazi yake imekwisha.

Tena lipo la upande wa pili, nasi wenye umri mdogo tulisikie. Wale vijana wa Onitsha walikuwa na bidii, nao hawakusema uongo katika kila jambo. Hesabu yafaa kukaguliwa, na mkosaji yafaa kuonywa, awe mzee au kijana. Lakini kusahihisha bila heshima ni kubomoa nyumba kwa sababu ya dirisha moja lililovunjika.

Mungu hakumtumia Ajayi kwa sababu alikuwa hajaumizwa. Aliumizwa utotoni na watu wa rangi yake, na uzeeni na watu wa imani yake. Alimtumia kwa kuwa kila alipowekwa alikubali kufundishwa, na kila alipoondolewa alitafuta kazi iliyobaki karibu naye akaifanya. Kazi ya namna hiyo iko katika kila kijiji chetu, nayo haingojei uchaguzi.