Jenerali China: Kutoka Burma hadi Mlima Kenya

Mwenye kuingia Eastlands kwa Barabara ya Jogoo hukutana na soko la nyama la Burma, jirani na mtaa wa Shauri Moyo. Si mbali na hapo upo Kariokor. Wakazi wengi huyataja majina haya pasi na kutanabahi kwamba ni majina ya vita: Kariokor limetokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na Burma ni kumbukumbu ya waliopelekwa Asia katika Vita vya Pili. Miongoni mwa waliopigana huko ni Waruhiu Itote, maarufu kwa jina la Jenerali China.

Itote alizaliwa mwaka wa 1922 wilayani Nyeri. Akiwa kijana mbichi alihamia Nairobi kutafuta riziki, akakumbana na vikwazo alivyowekewa Mwafrika. Mnamo Januari 1942 alijiunga na jeshi la KAR akiwa askari wa miguu. Kikosi chake kilisafirishwa hadi Ceylon, kisha Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipambana na Wajapani katika bonde la Kabaw, penye mvua, matope na malaria, hadi ikafika Kalewa mwezi wa Desemba 1944. Itote alipanda cheo akawa koplo.

Huko ughaibuni alijifunza mengi zaidi ya kulenga shabaha. Alimwona Mzungu akiogopa kifo sawa na Mwafrika. Isitoshe, alizungumza na Wahindi waliodai uhuru wao, na Mmarekani mweusi aliyemsimulia jinsi watumwa wa Haiti walivyojikomboa. Aliporejea baada ya vita, hakupata ardhi wala heshima. Aliajiriwa katika shirika la reli, akachochea moto wa garimoshi. Akajiunga na chama cha KAU, kilichofanya mikutano yake mingi katika ukumbi wa Kaloleni, na pia na Kundi la Arobaini, lililowaunganisha vijana wa mitaa ya Waafrika jijini.

Mwaka wa 1952 aliingia msituni. Wakati Dedan Kimathi na Stanley Mathenge wakiongoza Nyandarua, Itote alishika Mlima Kenya, akawapanga wapiganaji kwa vyeo na vikosi kama alivyofunzwa na KAR. Hivyo ndivyo elimu ya mkoloni ilivyomgeukia mkoloni.

Mnamo tarehe 15 Januari 1954 alipigwa risasi, akatekwa. Mahakama ilimhukumu kifo. Hapa ndipo penye utata katika maisha yake. Alihojiwa kwa saa nyingi, akatoa habari za vikosi vyake, kisha akakubali kuwaandikia wenzake ili wazungumze na serikali. Hukumu ikapunguzwa. Mazungumzo yalivunjika, na tarehe 24 Aprili mwaka huo Operesheni Anvil ikaizingira mitaa ya Eastlands. Watu zaidi ya 20,000 walizuiliwa. Wako waliomwona msaliti, na wako wanaoamini kwamba alitaka kuokoa roho. Sisi hatuwezi kumtakasa wala kumlaani kwa urahisi. Yeyote anayemhukumu hana budi kukumbuka kwamba alikuwa majeruhi aliyekikabili kitanzi. Lakini pia akumbuke waliobaki msituni.

Itote alifungwa Lokitaung pamoja na Jomo Kenyatta, aliyemfundisha Kiingereza. Alifunguliwa mwaka wa 1962, akapata mafunzo ya kijeshi Israeli, kisha akawa miongoni mwa viongozi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa iliyoanzishwa mwaka wa 1964. Kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka wa 1967.

Alifariki mwaka wa 1993, miaka kumi kabla ya serikali kuondoa marufuku dhidi ya Mau Mau, iliyowekwa na mkoloni mwaka wa 1950. Hivyo basi, mtu aliyeitumikia serikali huru kwa miaka mingi alizikwa akiwa bado, kisheria, mfuasi wa kundi haramu. Vijana wa Eastlands wanaokula nyama choma pale Burma wanastahili kuijua historia hii, kwani mwacha asili ni mtumwa.