Arthur Guinness: Kutoka baa ya kijijini hadi mkataba wa miaka 9,000

Wafanyabiashara wadogo wengi huanza katika jengo la kupanga, na wengi hukwama siku mwenye jengo anapopandisha kodi au kumhitaji mpangaji aondoke. Arthur Guinness, raia wa Ireland ambaye jina lake limebaki kwenye chupa za bia nyeusi, naye alianza akiwa mpangaji. Tofauti yake ilikuwa katika karatasi aliyoitia saini.

Guinness alikulia katika kijiji cha Celbridge, kando ya mto Liffey, magharibi ya jiji la Dublin. Baba yake, Richard, hakuwa na shamba kubwa lake mwenyewe. Alikuwa msimamizi wa mali za Askofu Mkuu Arthur Price.

Mama yake Arthur alipofariki mwaka 1742, baba alikuja kuoa tena. Mke mpya, Elizabeth Clare, alikuwa mjane aliyekuwa akiendesha baa na nyumba ya wageni ya White Hart hapo kijijini. Kwa ndoa hiyo familia ya Guinness ikaingia katika biashara ya kuuza bia, na Arthur akafanya kazi kwa mama yake wa kambo. Pale ndipo alipoyajua mambo ya shayiri, kimea na hamira, na pia tabia za wateja.

Mwaka 1752 Askofu Price alifariki na kumwachia Arthur pauni 100. Kwa kijana wa kijijini wakati ule, hizo zilikuwa fedha nyingi. Hakuzitumia ovyo. Katikati ya miaka ya 1750 alikodi kiwanda kidogo cha bia katika mji jirani wa Leixlip, akamwingiza na mdogo wake, Richard, katika kazi hiyo.

Mkataba wa ajabu

Mwishoni mwa mwaka 1759 alimwachia mdogo wake kiwanda cha Leixlip, akahamia Dublin. Huko alikuta kiwanda kilichokuwa kimefungwa eneo la St. James's Gate, chenye ukubwa wa ekari nne. Desemba 31 mwaka huo alitia saini mkataba wa pango wa miaka 9,000, kwa kodi ya pauni 45 kwa mwaka. Kiwanda kilikuwa kimekaa bila kazi, hivyo mpangaji alikuwa na nguvu ya kujadiliana. Kodi isiyopanda ilimpa uhakika wa kujenga, kununua mitambo na kupanga mambo ya miaka mingi mbele.

Hata hivyo, mkataba mzuri wa ardhi haukumaliza matatizo. Bia haitengenezwi bila maji, na maji ya mfereji aliotumia yalikuwa chini ya halmashauri ya jiji. Guinness alishikilia kuwa mkataba wake ulimpa haki ya maji bila malipo. Halmashauri ilidai anachukua kuliko alichoruhusiwa. Mwaka 1775 watu wa halmashauri walipofika kuufukia mfereji, alimpokonya kibarua sururu na kuapa kuwazuia. Mgogoro ulimalizika mwaka 1784, alipokubali kulipia maji pauni 10 kwa mwaka kwa mkataba wa maandishi.

Kusoma soko

Kikwazo kingine kilikuwa kodi ya serikali. Bia nyeusi iliyotoka London iliingia Ireland kwa unafuu, huku watengenezaji wa nyumbani wakibanwa. Guinness alifanya mambo mawili. Alishirikiana na wenzake kuwabana wanasiasa, na kodi ya bia ikafutwa mwaka 1795. Wakati huohuo alijifunza kutengeneza bia nyeusi ileile iliyokuwa ikimnyang'anya wateja. Mwaka 1799 aliacha kabisa bia ya aina ya zamani.

Nyumbani, yeye na mkewe Olivia, waliyeoana mwaka 1761, walipata watoto 21, lakini 10 tu ndio waliofikia utu uzima. Alipofariki Januari 1803 akiwa na miaka 78, aliwaachia wanawe kiwanda kinachojitegemea.

Mkulima anayekodi shamba bondeni, au mwenye mgahawa katika chumba cha kupanga, ana la kujifunza hapa. Guinness alipata ardhi kwa siku moja, lakini maji yalimgharimu miaka mingi ya ugomvi. Kabla ya kutia saini, ni vizuri kujua kila kitu ambacho biashara inakitegemea ni mali ya nani, kisha kuandikiana naye.