Rwagasore: mwana wa mfalme aliyeanza na ushirika wa wafanyabiashara

Kwa wachuuzi wa mawese na dagaa wa Rumonge na Nyanza-Lac, Louis Rwagasore ni jina la barabara na la sikukuu. Kinachosahaulika ni kwamba siasa zake zilianzia sokoni.

Alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932, mtoto wa Mwami Mwambutsa wa Nne. Alisoma Astrida, nchini Rwanda, kisha Antwerp, Ubelgiji, na kurejea nyumbani mwaka 1956. Angeweza kukaa ikulu akala kivulini.

Badala yake, mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi, uliojulikana kwa kifupi kama CCB. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Kahawa ililimwa na Warundi, lakini ununuzi, usafirishaji na maduka makubwa vilikuwa mikononi mwa Wazungu, Wagiriki, Waarabu na Wahindi. Mkulima alipata kidogo, mwenye ghala alipata kingi. Waliomuunga mkono mapema ni Waswahili wa Usumbura, hasa wa Buyenzi, jamii yenye ndugu na wateja mwambao wote, kuanzia Rumonge hadi Kigoma na Ujiji. Utawala wa Kibelgiji uliwahesabu kuwa wageni. Yeye aliwahesabu kuwa wananchi.

Ushirika ulikwama. Mtaji haukutosha, madeni yakaongezeka, na Wabelgiji waliutilia shaka tangu mwanzo. Hata hivyo si haki kumlaumu mkoloni peke yake: biashara kubwa kwa mtaji mdogo huyumba hata ikiongozwa na mwana wa mfalme. Lakini mtandao wa watu ulibaki, na ndio uliobeba chama cha UPRONA.

Kwa upande wa diplomasia, alitazama ng'ambo ya mpaka. Alijenga urafiki na Julius Nyerere, na TANU ikakisaidia chama chake. Mwaka 1960 ndugu wa karibu wa Mwami walikatazwa kufanya siasa, naye akabaki mshauri wa chama. Alipohimiza watu wagomee maduka ya Wabelgiji na wasilipe kodi, alizuiliwa Bururi, eneo ambalo wakati huo lilijumuisha Rumonge, kuanzia Oktoba hadi Desemba mwaka huo.

Katika uchaguzi wa Septemba 18, 1961, UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64. Siku kumi baadaye Rwagasore akawa waziri mkuu.

Hakutimiza hata wiki tatu. Usiku wa Oktoba 13, 1961 alipigwa risasi katika hoteli ya Tanganyika, ufukweni mwa ziwa, akiwa na umri wa miaka 29. Muuaji, Mgiriki Jean Kageorgis, alitekelezewa hukumu ya kifo Juni 30, 1962, siku moja kabla ya uhuru. Viongozi wa chama pinzani cha PDC waliohusishwa na njama hiyo walinyongwa Gitega Januari 1963.

Amezikwa kilima cha Vugizo, Bujumbura. Kila Oktoba 13 ofisi za serikali nchini Burundi hufungwa.