Bibi Aliyeifungua Pwani kwa Shoka

Mimi ni mtu wa Pwani, nimezoea maji ya uvuguvugu. Siku nilipoingia baharini pale Lovers Point, katika mji wa Pacific Grove, jimbo la California, nilidhani nimetumbukizwa ndani ya pipa la barafu, ingawa nilivaa suti nene ya mpira toka kichwani hadi miguuni. Wazamiaji wa huko hawahitaji mashua. Hubeba mitungi yao ya hewa begani, wakashuka ngazi hadi mchangani na kuingia majini baina ya majabali. Chini nilikuta msitu: mwani mrefu kama minazi, na samaki wakipitapita kama ndege.

Msomaji, kama njia ile ya kushukia pwani ingali wazi, sifa ni za Bibi Julia Platt.

Alizaliwa San Francisco mwaka wa 1857. Alisomea elimu ya viumbe, na mwaka wa 1893 alitangaza kwamba gegedu za kichwa hutokana na tabaka la nje la kiinitete. Wakubwa wa elimu hiyo walishikilia kuwa hutokana na tabaka la kati tu, wakampinga vikali. Miongo mingi ilipita kabla ya kukubaliwa kwamba alisema kweli. Mwaka wa 1898 alipata shahada ya udaktari huko Freiburg, Ujerumani, lakini kazi ya kufundisha chuoni hakuipata. Siku hizo mwanamke hakupewa nafasi hiyo kwa urahisi, hata awe hodari namna gani. Mwaka wa 1899 akahamia Pacific Grove, na nguvu ambazo vyuo vilizikataa akazimwaga katika mambo ya mji.

Madiwani walimjua vizuri! Mwenye nyumba ya kuogea alipoweka lango kuwazuia watu wasifike ufukweni, bibi huyu alikata kufuli kwa tupa. Lango lilipopigiliwa misumari, alichukua shoka akalivunja mchana kweupe.

Mwaka wa 1931, akiwa amepita miaka 70, alichaguliwa kuwa meya. Wakati huo viwanda vya kutia dagaa mikebeni vilikuwa vimejaa katika mji jirani wa Monterey, uvundo na uchafu wao ukiharibu ghuba. Yeye hakuwa na uwezo wa kuvifunga. Alichofanya, kwa maoni yangu, kilikuwa cha busara zaidi: alipata sheria ya jimbo iliyoupa mji wake mamlaka juu ya ufuo wake, kisha sehemu zikatengwa ambapo viumbe wa baharini hawakuruhusiwa kuchukuliwa ovyo, mojawapo ikiwa mbele ya kituo cha utafiti cha Hopkins.

Matunda yake hakuyaona. Dagaa waliadimika, viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine. Miaka ya 1960 fisi-maji wa baharini, waliokuwa karibu kumalizwa kwa ajili ya manyoya yao, walirudi Pacific Grove wakakuta chakula tele. Walikula wale viumbe wa mviringo wenye miiba ambao hutafuna mwani, na msitu ukasimama tena.

Bibi Platt alifariki mwaka wa 1935. Hakuzikwa ardhini. Wazee wa mji waliupeleka mwili wake kwa mashua, wakauteremsha katika maji yale yale ya baridi.